Siku moja maishani mwangu: mpishi wa kifungua kinywa na sufuria yake ya jamu

Saa 10 alfajiri
Jikoni niko peke yangu na mlio wa friji. Kazi yangu ni kupika kifungua kinywa katika nyumba ya wageni, na chakula kinachosubiriwa zaidi ni mkate wa jamu wa kuokwa. Ni vipande vya mkate uliolala, vimepakwa jamu ninayoipika mwenyewe, vikalowekwa usiku kucha kwenye maziwa na mayai, halafu vikaingia oveni kabla hakujapambazuka. Mgeni akiamka anakutana na harufu tu. Ukimwambia mtu unapika jamu, anakuona unafungua chupa na kupaka. Ndiyo maana leo naiandika siku yangu.

Natoa trei mbili. Kila moja ina nusu kilo ya mkate, lita moja ya maziwa, mayai 6 na jamu kama gramu 350. Kwenye maziwa naweka vijiko 2 tu vya sukari, kwa sababu jamu imeshabeba ya kutosha. Nabonyeza mkate kwa kidole kuona kama umekunywa maziwa hadi ndani. Umekunywa.

Jamu nimeilaza kati ya kipande na kipande, nikaacha upana wa kidole pembeni. Ikigusa ukuta wa trei inaungua, inakuwa nyeusi na chungu, na kuna mtu atakayesugua trei hiyo hadi mchana. Juu kabisa napaka siagi, siweki jamu. Wala siikorogi ndani ya maziwa, maana ina limau, na limau hukata maziwa. Mambo haya hayamo kwenye maelezo ya chupa yoyote. Nimeyajua kwa kuharibu.

Niliwahi kuweka nanasi bichi badala ya jamu, nikidhani litakuwa na ladha zaidi. Asubuhi nikakuta maziwa yameachana, maji upande mmoja na madonge upande mwingine, na ukionja yana uchungu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na usiku kucha kilikuwa kazini ndani ya friji. Ukilichemsha, kimeng'enya kinakufa. Nanasi lililopita kwenye sufuria ya jamu hulala na maziwa hadi asubuhi bila ugomvi wowote.

Saa 11:30
Oveni nyuzi 180, dakika 45. Wakati huo napanga meza, nachemsha maji, nakata matunda.

Saa 12:15
Trei zinatoka zimeumuka, juu rangi ya dhahabu. Nachoma kipimajoto katikati, kinasoma 80. Nikishavuka 75 moyo unatulia, kwa kuwa mle ndani kuna mayai. Kisha nazifunika kwa kitambaa na kumkataza kila mtu kuzigusa kwa dakika 20. Jamu huficha joto. Mkate unaweza kuwa umeshapoa mkononi huku jamu ya ndani bado inaunguza ulimi.

Saa 1 hadi saa 2 ni kupakua, kumimina, kuitikia salamu, kujaza tena.

Saa 2 na kitu
Mzee wa meza ya dirishani amerudisha sahani. Kijana anayenisaidia ameiweka mbele yangu: "Dada, anasema haijaiva."

Nikaitazama. Katikati palikuwa na mstari unaong'aa, wenye unyevu, rangi ya kaharabu. Ilikuwa jamu ya nanasi. Lakini nilikuwa na wageni wengine sita wanasubiri, nikairudisha oveni dakika 5 ili mambo yaishe. Ikarudi kwake. Baada ya muda mfupi sahani iko tena jikoni: bado mbichi, na sasa pembeni imekauka. Ya pembeni alikuwa sahihi. Mkate ulioiva ukirudishwa motoni unakauka, na jamu haigeuki kuwa mkate hata ukiioka hadi jioni.

Nikavua aproni, nikachukua kipande kipya na kisu, nikaenda mezani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, mimi nina tumbo. Mayai mabichi siyawezi."

Hapo hasira ikapungua kidogo, maana mtu anayeogopa mayai mabichi ana haki ya kuogopa. Nikakata kipande mbele yake na kulaza kisu ubapa. Nikamwonyesha sehemu ya mayai na maziwa: haing'ai, ina vitundu vidogo, ukiibonyeza inarudi juu. Ingekuwa mbichi ingetoa majimaji meupe. Kisha nikamwonyesha mstari wa jamu: unapitisha mwanga, una nyuzi za nanasi, ukiuvuta kwa ncha ya kisu unanyooka. Nikamwambia hiki ni tunda, kimechemka zaidi ya saa nzima kabla hakijakutana na mkate, kisha kikaokwa dakika 45 nyingine.

Akachukua kidogo kwa kijiko. Akatafuna polepole. Kisha akauliza, "Na hii jamu mmenunua wapi?"

Nimetoka kumweleza imechemka saa nzima! Nikajibu, "Nimeipika mimi, mzee." Akanitazama kama ninayemficha jina la duka. Alikula kipande chote na kingine juu yake, na nilifurahi, siwezi kukataa. Ila ile robo saa ilinichosha kuliko alfajiri yote. Kinachouma ni kuona kwamba kitu kikiwa kizuri, jambo la kwanza linalomjia mtu ni kiwanda.

Saa 5, au karibu na hapo
Vyombo vimekwisha, na hapa ndipo siku yangu halisi huanza. Ghala limebaki na chupa 2. Leo napika nanasi kilo 3, sukari kilo 2, malimau 4. Mbegu na maganda meupe ya ndani ya limau nafunga kwenye kitambaa safi na kukitumbukiza sufuriani, kwa sababu pektini, ile inayofanya jamu ishike, imejaa humo, na nanasi lenyewe halina nyingi. Tunda linachemka kwanza hadi lilainike, ndipo sukari iingie. Ukiwahisha sukari, vipande vinakakamaa na havilainiki tena.

Mananasi ya leo yameiva kupita kiasi, na yana maji mengi. Niliyajua nilipoyakata, juisi ilimwagika hadi sakafuni. Tunda likiiva sana pektini yake inapungua. Lakini ndiyo yaliyoletwa, na kesho kuna wageni.

Jamu inashika ikifika nyuzi 104 au 105, nikipima mahali palipo usawa wa bahari. Mlimani inashika chini ya hapo, kwa kuwa hata maji huchemka mapema. Kipimajoto kilipanda haraka hadi 100, kikajikokota hadi 101, kikakaa. Nakoroga. 101. Nakoroga, natoa povu, nabadilisha mkono. Maji yote yale ya nanasi lazima yaondoke kwanza, hayana njia ya mkato. Ukiongeza moto inashika chini na kuungua. Ukipunguza unachemsha hadi usiku, rangi inakuwa kahawia na pektini yenyewe inavunjika. Kwa hiyo unasimama. Mabega yanauma, mvuke unaingia machoni, na tone moja likiruka mkononi halidondoki kama maji, linang'ang'ania ngozi na kuendelea kuchoma. Kwenye joto hili navaa mikono mirefu kwa sababu hiyo.

Sijui ilikuwa saa ngapi ilipofika 103. Niligawa kwenye sufuria mbili pana ili mvuke utoke upesi, jambo ambalo ningelifanya mwanzoni kama nisingekuwa na haraka. Nikatoa kisahani kwenye friji, nikadondosha tone, nikasubiri, nikasukuma kwa kidole. Likateleza kama asali. Bado. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu uso wa tone ukajikunja makunyanzi mbele ya kidole changu, na njia niliyochora kwenye kisahani ikabaki wazi.

Nikaita, "Zima!" Kijana akazima. Sote wawili tukakaa chini.

Kwa mkate wa kuoka sitaki jamu laini inayotiririka, maana itazama hadi chini ya trei na kuacha mkate mtupu juu. Nataka ile inayobaki kwenye kijiko ukikigeuza. Ya leo ilibaki.

Jioni
Chupa zilikuwa zimeshachemshwa. Jamu ya moto kwenye chupa ya moto, vifuniko vikakazwa, zikajaa 7. Nikaandika tarehe. Nikakata mkate, nikapaka, nikapanga, nikamimina maziwa na mayai, trei mbili zikaingia friji.

Nilikuwa nafuta meza zilipoanza kulia. Jamu ikipoa inavuta kifuniko ndani, nacho kinatoa mlio mdogo, tak. Nikasimama na kitambaa mkononi nikihesabu. Tak. Tak. Ya sita ililia nikiwa mlangoni. Nikasubiri ya saba hadi miguu ikakataa, nikairudia na kubonyeza kifuniko katikati: kinacheza. Hiyo haiwezi kwenda ghalani. Nikaiweka friji, mbele kabisa, ndiyo itakayofunguliwa kesho.