Siku nilimpigia kukhu simu nikiwa juu ya Elgon

Nimelelewa na kukhu, mama yake mamangu, huko karibu na Kimilili, na kwetu ukifungua mlango asubuhi kitu cha kwanza unaona ni mlima. Kwa ramani ni Elgon, kukhu huuita Masaba, na huwa anausoma vile watu wengine wanasikiza redio, ukivaa wingu kabla saa nne anaitana watu waanue mahindi. Sasa kaa ukiangaliana na kitu hivyo utoto wako wote na hujawahi kukikanyaga, halafu uende Kisumu kutafuta kazi na bado ukifunga macho unakiona. Desemba 2016 nikaambia binamu yangu mwaka huu hauishi kabla sijaenda.

Tulikuwa watatu, yeye alikuja na rafiki yake wa kazini. Matatu hadi Kitale, nyingine hadi Endebess, boda hadi geti ya Chorlim, ya kuingia mbuga ya mlima. Siku ya kwanza tuliingia pango la Kitum, mahali ndovu wanaingia usiku kuchimba mwamba na pembe wakitafuta chumvi, alama ziko kwa ukuta unazigusa na mkono, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Kesho yake tukakodi gari ya kupanda matope, ikatupitisha msitu wa podo na sida, halafu mianzi, ikatuacha mahali barabara inaishia, karibu mita 3,500. Hapo ndio makosa yangu yalikuwa. Kisumu ni mita 1,100 na kitu, mimi nilikuwa nimetoka huko juzi tu, mwili haukuwa umepata hata nafasi ya kuzoea. Jioni kichwa kikaanza kuuma nyuma ya macho, ugali ikanishinda, hata harufu ya mafuta ya taa ilikuwa inanipandisha roho. Slipingi begi yenye nilikuwa nimekodisha zipu ilikuwa imekufa kwa hivyo nililala na nguo zote, kofia ya mavin hadi kwa masikio, na asubuhi maji kwa chupa yalikuwa yameshika barafu. Mzee wa Kisabaoti aliyekuwa anatuongoza alikuja akanimulika uso na tochi akaniuliza, umetapika? Nikamwambia hapana mzee. Akasema sawa, twende, lakini ukitapika tunarudi, mlima hauhami.

Tulitoka saa kumi na moja giza bado. Naomba mnielewe, mimi ni mtu wa kucheza mpira kila Jumapili, na pale nilikuwa natembea hatua thelathini nasimama, thelathini nasimama, kwa sababu ukifika mita 4,000 kila pumzi inakupatia oksijeni kama asilimia 60 tu ya ile mtu wa pwani anavuta. Mzee hakuwahi kunisukuma. Nikisimama naye anasimama, anajifanya ananionyesha kitu. Ndio nikajua ile miti ya senesio, ile inakaa kama mtu amesimama na kofia, huwa haiangushi majani yake makavu, inayavaa kwa shina kama blanketi ndio baridi ya usiku isiiue. Nilisimama hapo nikaishika kabisa, nikiwaza ile slipingi begi.

Koitobos, kile kilele tulikuwa tunapanda, kwa juu imekatwa kama meza, na ukuta wake ni mawe yamesimama wima kama nguzo. Tulifika jua limeshapanda. Na hapo ndio nilipata kitu sikuwa natarajia, kwa sababu toka nyumbani mlima unaonekana mgongo wa ng'ombe amelala, mimi nilidhani ukifika juu umefika, kumbe ni bakuli! Bakuli kubwa sana, volkano ya zamani ilibomoka katikati, na huko ndani ndio mto Suam unaanzia, ule unaenda kuwa Turkwel hadi ziwa Turkana. Upande ule mwingine wa bakuli mzee akatuonyesha Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima, mita 4,321, iko Uganda. Machozi yalinitoka na sikujificha.

Halafu nikageuka kusini kutafuta kwetu. Hiyo ndio nilikuwa nimeendea. Nilikuwa nimejiambia nitaona hata kama ni mng'aro wa bati tu. Wingu lilikuwa limejaa chini yetu, jeupe, hakuna Kimilili, hakuna kitu.

Simu ikalia kwa mfuko, meseji ya kunikaribisha Uganda. Network ilikuwepo. Nikampigia kukhu, akashika mara ya pili.

"Kukhu, niko juu ya Masaba."

Akanyamaza. Nikasikia mlango, nikasikia kuku, nikajua ametoka nje.

"Baba, huku umefunikwa, sikuoni."

"Hata mimi sikuoni kukhu."

"Umevaa sweta?"

"Nimevaa."

"Ngoja basi nianue mahindi," akasema, lakini hakukata simu, na mimi sikukata, tukakaa hivyo mpaka kredito ikaisha.