Siku moja na kufuli lililogoma

Saa 1 asubuhi, chai ya rangi na chapati ya jana, nafungua logi, daftari la matukio ya mfumo. Ruta ya majaribio tuliyoiacha ikipigwa pakiti (vipande vya data) usiku kucha imeanguka saa 9 alfajiri. KASAN, mlinzi wa kumbukumbu ndani ya Linux, ameacha ripoti: kuna sehemu imesomwa baada ya kuachiliwa.

Mpaka saa 4 nachora kwenye karatasi. Draiva yetu, programu ya kuendesha kifaa, ina orodha ya majirani, yaani vifaa tunavyoongea navyo. Prosesa moja inapokea pakiti na kupitia orodha. Nyingine, muda huohuo, inatekeleza amri ya kumfuta jirani na kuachilia kumbukumbu yake. Ya kwanza bado imeshika anwani ya zamani. Umeenda kumdai mtu kwenye chumba alichohama asubuhi, kumbe kuna mpangaji mpya. Kosa la aina hii ukilikodolea macho halitokei. Nenda kalale, litatokea.

Saa 5 naweka `spin_lock` pande zote mbili: kufuli la kumruhusu mmoja tu kwa wakati, anayelikosa anazunguka akisubiri. Kerneli, kiini cha Linux, inajengwa, natoka kununua mihogo.

Saa 7 mchana ruta imeganda, hata kibodi haijibu. Lockdep, mkaguzi wa makufuli aliyemo kwenye kerneli tangu 2006, ilishalalamika kwenye logi kabla ya mgando, na mimi sikusoma. Pakiti zinazoingia hushughulikiwa na softirq, kazi ya ndani ya kerneli inayoweza kuikatiza amri inayotumia prosesa ile. Basi amri ya kufuta ilikuwa imeshika kufuli, pakiti ikaingia, softirq ikaikatiza, nayo ikalitaka kufuli lilelile. Ikabaki inazunguka ikisubiri. Mwenye kufuli hawezi kuliachia mpaka softirq impishe, na softirq haimpishi mpaka ipate kufuli. Dawa ni `spin_lock_bh` upande wa amri: inazuia softirq kwenye prosesa hiyo hadi kufuli liachiwe. Herufi mbili tu, na zimekula mchana wangu.

Saa 10 KASAN analia tena! Hapa niliona aibu. Msomaji, yaani upande unaopokea pakiti, alikuwa akimtafuta jirani ndani ya kufuli, analiachia, kisha anaendelea kumtumia. Kufuli lililinda utafutaji, halikumlinda jirani mwenyewe. Nimeongeza hesabu ya wanaomshikilia. Kumbukumbu haiachiliwi mpaka hesabu hiyo ifike sifuri.

Saa 11 mwenzangu anayekagua kazi anapiga simu. "Kaka, si ungetumia RCU tu?" Ana hoja: kwa mbinu hiyo ya kerneli wasomaji wangepita bila kufuli, na sisi tunasoma orodha kwa kila pakiti. Lakini marekebisho haya yanakwenda kwenye kerneli za zamani zilizoko kwa wateja, na huko nataka mabadiliko machache. RCU wiki ijayo. Amenung'unika, akakubali.

Saa 2 usiku nimewasha programu fupi inayoongeza na kufuta majirani mfululizo huku pakiti zikimiminika. Safari hii logi ya Lockdep nimeiacha wazi kwenye skrini.