Katoni za Sigara za Alice Kober

Nilikuwa mwanafunzi wa isimu katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, siku mtunza nyaraka aliponiwekea mezani katoni kuukuu ya sigara, akanitaka nikanawe mikono kwanza. Ndani mlikuwa na vikaratasi vimesimamishwa wima, vimebanana, vimejaa alama ndogondogo za wino.

Vilikuwa vya Alice Kober, mwalimu wa Chuo cha Brooklyn, New York. Mchana alifundisha Kilatini na Kigiriki, usiku alishughulika na Linear B, mwandiko wa vibao vya udongo ambavyo mwanaakiolojia Arthur Evans alianza kuvifukua Knossos, kisiwani Krete, mwaka 1900. Hakuna aliyejua ni wa lugha gani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi ziliadimika, naye akawa anakata chochote: matangazo ya kanisa, kadi za salamu, majalada ya madaftari ya mitihani. Inakadiriwa vikaratasi vyake vilifika 180,000.

Wengi walikisia lugha kwanza, ushahidi baadaye. Kober alikataa katakata. Alichunguza tu alama ipi hufuata ipi, na ipi hufunga neno. Makala zake nilikuwa nimezisoma juujuu. Pale mezani nikachukua penseli, nikajaribu kwa Kiswahili: soma, asome, hasomi. Kila silabi ikipewa alama yake, ma, me na mi zitakuwa michoro mitatu isiyofanana, ingawa zote zina m. Kober aliliona jambo hilo katika maneno asiyoweza hata kuyatamka! Mwisho wa neno ukibadilika, alama tofauti zinazopokezana nafasi ileile huenda zina konsonanti moja. Moyo ulinienda mbio.

Alifariki Mei 1950, ana miaka 43. Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza, aliiendeleza njia hiyo akagundua kwamba lugha ile ni Kigiriki, cha karne nyingi kabla ya Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki. Ventris anastahili sifa zake zote. Lakini huniuma kisa hiki kikianziwa kwake, kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

Nilikuwa nimepangiwa mada nyingine kwenye semina iliyofuata. Nikamwomba profesa anibadilishie, akakubali, na siku yenyewe nikaanza kwa kuandika ubaoni: soma, asome, hasomi.