Siku Niliyokwama Carlisle

Mwezi wa Novemba 2018 nilikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na mzigo niliotumwa kuuchukua Carlisle, Pennsylvania, haukuwa tayari. Pale ghalani wakaniambia nirudi kesho. Sisi hulipwa kwa maili, kwa hiyo siku ya kungoja ni siku ya kula akiba. Carlisle nilikuwa nikiijua kwa vituo vyake vya malori tu: dizeli, bafu, kahawa, kisha safari. Mvua ya baridi ilikuwa ikinyesha. Nilipochoka kulala ndani ya lori, nilichukua teksi hadi mjini nikaingia katika jumba la makumbusho la historia ya Kaunti ya Cumberland. Nilichokitaka humo ni joto.

Picha iliyonisimamisha ilikuwa ya kikosi cha kandanda la Kimarekani, lile la mpira wenye umbo la yai. Vijana wamekaa wameikazia macho kamera, hakuna anayetabasamu. Mpira wao umeandikwa kwa rangi: 1911, Indians 18, Harvard 15. Harvard niliijua. Hao wengine ndio wale ambao shuleni kwetu tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu, kana kwamba ni watu wa hadithi.

Mzee mmoja aliyekuwa akijitolea pale aliniona nimeganda, akaja kusimama kando yangu. Akanieleza kwamba hicho hakikuwa kikosi cha chuo kikuu, ingawa kilicheza na vyuo vikuu. Kilikuwa cha shule ya bweni ya Carlisle, iliyofunguliwa mwaka 1879 katika kambi kuukuu ya jeshi, na mwanzilishi wake, Richard Henry Pratt, alikuwa afisa wa jeshi. Watoto wa mataifa asilia ya Marekani waliletwa kwa treni kutoka mbali, wakanyolewa nywele, wakapewa majina mapya na kuvishwa sare. Pratt mwenyewe alisema hadharani kwamba Uhindi uliomo ndani ya mtu uuawe ili mtu aokolewe. Karibu watoto 200 walizikwa hapohapo. Mwaka mmoja kabla sijafika, jeshi lilikuwa limeanza kuwarudisha baadhi yao kwa jamaa zao.

"Na lugha zao?" nikamwuliza.

"Walikatazwa," akasema. "Walioziongea waliadhibiwa."

Hapo nilimkumbuka baba. Baba yangu ni Mdawida, yaani Mtaita, wa Wundanyi kule Kenya, na shuleni kwao katika miaka ya hamsini kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto aliyenaswa akiongea Kidawida alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Wa mwisho kuwa nacho jioni alichapwa. Alitusimulia mara moja tu, nami nikiwa mdogo, na sijasahau jinsi alivyoigusa shingo yake alipokuwa akisimulia.

Mzee yule akanionyesha mwaka uliofuata, 1912. Kocha alikuwa Glenn Warner, maarufu kwa jina la Pop, na nyota wake alikuwa Jim Thorpe wa taifa la Sac na Fox. Julai mwaka huo Thorpe alikuwa ameshinda dhahabu mbili katika Olimpiki ya Stockholm. Mwenzake wa shule hiyohiyo, Louis Tewanima wa taifa la Hopi, alileta fedha ya mita 10,000. Mimi ni Mkenya; mbio hizo tunazihesabu kama shamba letu, na jina lake sikuwahi kulisikia.

Katika msimu huo walishinda mechi 12, wakatoka sare moja, wakapoteza moja mbele ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, 34 kwa 26. Thorpe alinyang'anywa medali zake mwaka 1913 kwa sababu aliwahi kulipwa pesa kidogo kwa kucheza besiboli. Mzee alilieleza jambo hilo kwa hasira, kana kwamba lilitokea jana. Lakini mechi aliyotaka kunisimulia ilikuwa ile ya Novemba 9, kule West Point, dhidi ya makadeti wa chuo cha jeshi.

Akanitaka nihesabu. Mauaji ya Wounded Knee, ambako wanajeshi wa Marekani waliwamiminia Walakota risasi, wake kwa watoto, yalikuwa ya Desemba 1890. Ni miaka 22 haijatimia. Baadhi ya wachezaji wa Carlisle walikuwa wamezaliwa kabla ya hapo. Sasa wanaingia uwanjani kukutana na maafisa wa kesho wa jeshi lilelile, na kadeti mmoja upande wa pili ni Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais. Wanajeshi walikuwa na miili mikubwa zaidi. Carlisle walikuwa na kasi, na mipango ya kumchanganya mpinzani asijue ni nani aliyebeba mpira.

"Ishirini na saba kwa sita," mzee akasema, akinyosha kidole kimoja kuelekea iliko kambi. "Carlisle."

Nilirudi kituoni giza limeshaingia. Saa tatu usiku nilimpigia baba simu. Kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, naye huamka mapema kwa ajili ya ng'ombe. Nilimsimulia yote kwa Kidawida, polepole, nikitafuta maneno ambayo sikuwa nimeyatumia kwa muda mrefu. Nilipofika kwenye habari ya kuadhibiwa kwa lugha, alinyamaza hata nikadhani laini imekatika.

"Hao wanajeshi walifungwa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Akataka nirudie. Nikarudia. Kisha nikasikia mlango, na sauti yake ikimwamsha mama.