Harufu ya Bushi

Jirani anachoma bushi kuukuu, zile raba zenye bomba la chuma ndani na nje, zitoke kwenye aam, mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwenye gari. Moshi wa raba umenifikia sebuleni, nikaacha chai na kwenda kumuuliza jambo moja tu: atakaza bolti za bushi mpya gari likiwa juu ya jeki au likiwa chini?

Ile Corolla AE110 ya mjomba ndiyo iliyonitoa kitini. Bushi za aam za chini zilikuwa na miezi miwili tu, lakini ukishika breki inagonga "ko!" na gari linavuta kushoto. Tairi la upande huo lilishaanza kulika kwa ndani.

Fundi hakukimbilia kufungua. Alipiga jeki, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Tuli. Lingecheza, angeniambia nikanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya aam. Akashika kushoto na kulia, tairodi, chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu, ilikuwa nzima. Ndipo akaingia uvunguni na mtaimbo, akaupenyeza karibu na bushi ya mbele.

"Mdogo wangu, njoo na tochi."

Alipoukandamiza mtaimbo, raba ilifunguka ufa wa nusu duara kulizunguka bomba la ndani, chuma kikang'aa humo. Alipoachia, ufa ukajifunga, bushi ikaonekana mpya kabisa. Akakandamiza tena, taratibu. Vumbi lilinidondokea machoni na sikujifuta.

"Bomba la ndani limebanwa na bolti, la nje limeshindiliwa kwenye aam," alisema. "Kinachojinyonga katikati ni raba. Ukikaza aam ikining'inia, gari likishuka tu raba imeshajinyonga, hata hujatoka getini. Kila shimo linaongezea."

Mjomba alinyamaza. Zile bushi tulizikaza mimi na yeye, uani, magurudumu yakining'inia.

Tukafunga nyingine. Fundi aliziacha bolti zimeshikilia tu, akashusha gari, akapandisha matairi juu ya mbao nene ili spana ifike, akalitikisa likae sawa, ndipo akakaza. Tukaenda kupima alainimenti, yaani mkao wa matairi. Bushi hizo zilidumu miaka.

Lakini za mwanzo zilikuwa za bei ya chini na za pili za bei ya juu, kwa hiyo siwezi kuapa kilichozichana ni mikono yetu peke yake.

Jirani amenijibu kwamba yeye hukazia juu siku zote, na hajawahi kurudishiwa gari. Nimemwachia mbao mbili kando ya tairi.