Aliuliza picha kwanza

Nimerudi kutoka mjini Moshi sasa hivi, moyo mweupe kabisa.

Laptopu ya mama iligoma kufunguka tangu juzi. Inaonyesha nembo ya Windows, inazima, inaanza upya. Duka la kwanza wakasema papo hapo: "Tunapiga Windows mpya, vyote vinafutika."

Humo kuna picha za marehemu babu, za miaka yake ya mwisho Marangu. Nikaibeba nikaondoka.

Karibu na soko la Mbuyuni nikampata fundi kijana, ana kimeza tu. Swali lake la kwanza: "Dada, kuna vitu vya muhimu humu?"

Akafungua skrubu, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya wa USB.

Picha zikaanza kujitokeza moja moja. Babu na kofia yake, amekaa mgombani, anacheka.

Jamani, machozi yalinitoka palepale.

Akazihamishia zote kwenye flashi, ndipo akapiga Windows. Huo ndio ufundi! Mara nyingi Windows ikiharibika mafaili bado yapo kwenye diski, msikubali kufutiwa haraka.

Wana Moshi na Arusha, mafundi wa namna hii mnawapata mitaa gani? Tuambizane hapa, wengi wanahangaika.