Ujerumani huchuja mapema, Finland husubiri

Majimbo mengi ya Ujerumani yana shule ya msingi ya miaka 4 tu. Berlin na Brandenburg ni 6. Bavaria ndiyo wakali: ili mtoto aingie Gymnasium (sekondari ya kuelekea chuo kikuu) moja kwa moja, wastani wake wa Kijerumani, hisabati na maarifa ya jamii na mazingira usizidi 2.33. Ndiyo, usizidi: huko 1 ndiyo alama ya juu, 6 ya mwisho. Mzazi mgeni hufurahia 4 bure! Aliyekosa anaweza kuomba masomo ya majaribio ya siku 3. Kwa mtoto wa miaka 10 ambaye Kijerumani hakijakaa sawa, naona ni mapema mno.

Finland wote husoma pamoja darasa la 1 hadi la 9. Tangu 2021, anayemaliza lazima aombe nafasi ya kuendelea, kama lukio (sekondari ya juu) au chuo cha ufundi.